Saiti ya kuundiwa au huduma ya tayari: mwongozo kamili wa kuchagua kabla hujatoa avansi

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wanakwama mahali pale pale. Mmoja anampa fundi wa saiti avansi, saiti inafunguka vizuri, mwaka ukiisha inazimika na hakuna anayejua jina la domeini (anwani ya saiti) limeandikwa kwa nani. Mwingine anajiunga na huduma ya tayari, anapanga picha siku tatu, halafu anagundua kwamba mteja wake wa Katuba hawezi kulipa kwa M-Pesa. Wote wawili walianza na swali la bei. Humu bei inakuja kwenye hatua ya tatu, na kuna sababu.

Saiti ya kuundiwa ni ile ambayo fundi anaandika msimbo wake (maagizo ya programu) kwa kazi yako, kisha anaiweka kwenye seva (kompyuta iliyo kwenye intaneti muda wote) unayoilipia. Huduma ya tayari ni kama Wix, Squarespace, Shopify au WordPress.com: unalipa kila mwezi, wao wanashika seva, usalama na masasisho, wewe unapanga maneno na picha. Kuna njia ya tatu katikati, tutaifikia.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi mbili na kalamu.
- Anwani ya imeili uliyoifungua wewe mwenyewe kwa ajili ya biashara, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Usitumie imeili ya fundi wala ya mpwa wako.
- Kadi ya Visa au Mastercard ya dola, ambayo benki imeiruhusu kulipa kwenye intaneti. Uliza benki kabla, kwa sababu kadi nyingine zinatoa pesa kwenye mashine tu.
- Karatasi za biashara: RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (kitambulisho cha taifa cha biashara) na numero ya impo (ya kodi). Bila hizo, kampuni nyingi za malipo hazitakufungulia akaunti ya mfanyabiashara.
- Picha 20 za kweli za bidhaa au kazi yako, na maelezo ya Kiswahili na ya Kifaransa.
- Simu moja ya Android ya bei ndogo, aina ambayo wateja wako wanayo, na mega 500.

Tenga jioni mbili na Jumamosi moja. Usilipe chochote kabla ya kumaliza hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Andika mteja anakuja kufanya nini

Chukua karatasi ya kwanza. Andika vitenzi tu, kimoja kwa mstari. Kwa depo ya vipuri vya magari pale Kampemba, orodha inaweza kuwa: anatafuta kipuri kwa jina la gari, anaona bei, anauliza kama kipo, anaagiza, analipa, anajua oda imefika wapi.

"Kuonekana" hakiingii kwenye orodha. Hakuna mteja anayefungua saiti ili wewe uonekane.

Sasa zungushia duara vitenzi ambavyo bila hivyo saiti haina maana. Vikizidi vitatu, rudia, bado hujachagua. Kisha angalia vilivyobaki ndani ya duara:

- Ni kusoma, kuona picha, kupiga simu au kuandika WhatsApp tu? Huduma ya tayari inatosha. Mtu akikuomba dola elfu kwa kazi hiyo, mshukuru na uondoke.
- Ni kuuza bidhaa zenye bei maalumu? Huduma ya tayari inaweza, ila hatua ya 2 ndiyo itakayoamua.
- Ni hesabu ya pekee ya biashara yako? Kwa mfano msafirishaji wa njia ya Kasumbalesa anayetaka kila mteja aingie na kuona lori lake limefika wapi na karatasi zipi bado hazijalipwa. Hapo hakuna kiolezo (sura iliyopangwa tayari) kitakachokaa sawa. Huo ndio mlango halali wa saiti ya kuundiwa.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja ambayo hata mtu asiyejua kompyuta anaweza kuisoma na kukuambia saiti itafanya nini.

## Hatua ya 2: Malipo kabla ya sura

Hatua hii ndiyo inayovunja miradi mingi, kwa hiyo tukae hapa.

Huduma nyingi za tayari zimejengwa kwa nchi ambazo watu wanalipa kwa kadi. Shopify Payments haifanyi kazi kwa duka lililosajiliwa Kongo. Stripe nayo haifungui akaunti kwa biashara ya Kongo. Wateja wako wana M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na wengine wanataka kulipa dola, wengine faranga. Hayo matano yaandike juu ya karatasi ya pili, kisha uulize huduma uliyoipenda kuhusu kila moja.

Una njia tatu.

Malipo ya mkono. Huduma kama Shopify na Wix zina chaguo la malipo yasiyopita ndani ya saiti. Mteja anaagiza, saiti inamwonyesha namba ya M-Pesa na namba ya oda, anatuma pesa, wewe unathibitisha. Kwa oda kumi kwa siku njia hii inabebeka vizuri. Zikifika arobaini, mtu mmoja wa biro atakuwa anashinda kwenye simu tu. Onyo: usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa malipo. Picha inatengenezwa kwa dakika mbili. Fungua historia ya akaunti yako mwenyewe, uone kiasi na namba ya muamala.

Kampuni ya kati ya malipo. Hii inaunganisha mitandao yote ya simu na kukupa mlango mmoja. Inakata asilimia yake kwa kila muamala. Uliza: asilimia ngapi, pesa inafika benki baada ya siku ngapi, na je, wana plagini (kiunganishi cha tayari) ya huduma unayotaka? Kama wana API tu (mlango wa kuunganisha programu kwa msimbo), bila plagini, maana yake unahitaji fundi. Shopify pia inatoza ada ya ziada kwa malipo yanayopita kwa kampuni nyingine, iweke kwenye hesabu.

Malipo ndani ya saiti ya kuundiwa. Fundi anaunganisha API mwenyewe. Ni njia yenye uhuru, na ndiyo inayoharibika vibaya ikifanywa haraka.

Tazama kinachotokea. Mteja wa Ruashi anaagiza betri ya dola 85. Anabonyeza "Lipa", dirisha la PIN linakuja kwenye simu, anaweka PIN, mtandao unakatika. Pesa imetoka. Saiti iliyojengwa vibaya inasubiri sekunde 30, haipati jibu, inaandika "Malipo yameshindikana". Mteja analipa tena. Sasa ametoa dola 170, na kesho asubuhi amesimama mbele ya kaunta yako.

Dawa yake inajulikana. Oda iwe na hali tatu, si mbili: inasubiri, imelipwa, imekataliwa. Jibu lisipokuja, oda inabaki "inasubiri" na kitufe cha kulipa kinafungwa. Saiti inaiuliza kampuni ya malipo tena baada ya dakika 1, kisha 5, kisha 15. Kila oda ina namba moja ya kumbukumbu, ili ujumbe wa uthibitisho ukija mara mbili (na unakuja mara mbili mara nyingi) pesa isihesabiwe mara mbili.

Jaribio la kumpima fundi: weka oda ya faranga 500. Weka PIN, na papo hapo tia simu kwenye hali ya ndege. Ngoja dakika ishirini, fungua tena. Umefaulu kama oda inasema "imelipwa", mara moja tu, na kiasi kile kile kipo kwenye akaunti. Ikisema vingine, usilipe sehemu ya mwisho ya kazi.

## Hatua ya 3: Hesabu ya miaka mitatu

Kulinganisha dola 25 kwa mwezi na dola 1,200 kwa mara moja ni kulinganisha kodi ya chumba na bei ya matofali. Piga hesabu ya miezi 36 pande zote mbili. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

Huduma ya tayari:
- Ada: 25 × 36 = dola 900
- Plagini za kulipia: 10 × 36 = dola 360
- Domeini: 15 × 3 = dola 45
- Jumla: dola 1,305

Saiti ya kuundiwa:
- Kuijenga: dola 1,200
- Seva: 8 × 36 = dola 288
- Domeini: 15 × 3 = dola 45
- Matunzo ya fundi: 40 × 36 = dola 1,440
- Jumla: dola 2,973

Mstari wa matunzo ndio watu wanaousahau, na katika mfano huu unazidi hata bei ya kujenga. Saiti ya kuundiwa ina programu za chini zinazozeeka: PHP (lugha ya msimbo) inabadilika, maktaba za msimbo zinapata matundu ya usalama, API ya malipo inabadilishwa. Kama hakuna mtu wa kulipwa kuvishughulikia, saiti itasimama siku moja bila wewe kugusa kitu.

Angalia pia bei ya kuanzia. Seva inayouzwa dola 3 mwaka wa kwanza inaweza kuwa 9 au 10 mwaka wa pili. Tafuta bei ya kuhuisha, mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo chini.

## Hatua ya 4: Jaribu mlango wa kutokea

Kabla ya kuingia nyumba, ujue unatokaje. Fungua akaunti ya majaribio, weka bidhaa tatu zenye bei na picha, kisha jaribu kuzitoa.

Saiti ya Wix haihamishiki kwenda seva nyingine. Unaweza kutoa data kadhaa, kama orodha ya bidhaa, lakini kurasa utazijenga upya. Shopify inakupa bidhaa, wateja na oda katika faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel). Sura ya duka inabaki kwao. WordPress inatoa maandishi yote katika faili la XML, picha unazibeba kando.

Umefaulu ukifungua faili la bidhaa kwenye Excel ukaona majina na bei zako zimekaa kwenye safu zake.

Kwa saiti ya kuundiwa, mlango wa kutokea ni fundi wa pili. Andika kwenye mkataba kwamba utakabidhiwa msimbo wote, nakala ya hifadhidata, na karatasi ya namna ya kuisimamisha upya. Kazi ikimalizika, mlipe fundi mwingine nusu siku aisimamishe kwenye kompyuta yake kwa kufuata karatasi hiyo tu, bila kumpigia simu wa kwanza. Ikimshinda, hujakabidhiwa saiti, umeonyeshwa tu.

## Hatua ya 5: Pima kwa mega za mteja

Ondoa Wi-Fi. Chukua ile Android ya bei ndogo, fungua dirisha la faragha la kivinjari, angalia matumizi ya data kwenye mipangilio, fungua ukurasa wa kwanza, angalia tena.

Ukurasa wa mega 6 kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde unachukua sekunde 48. Mteja ameshatoka. Lenga mega 1, usivuke 1.5. Violezo vya kuvutia vya huduma za tayari mara nyingi vina video inayocheza yenyewe na picha zinazopokezana juu ya ukurasa: viondoe. Punguza kila picha iwe na upana wa pikseli 1200 na uzito chini ya kilobaiti 150.

Kuhusu delestaji (mgao wa umeme): saiti iliyo kwenye huduma ya tayari au kwenye seva ya kukodi haizimiki umeme ukikatika kwako. Fundi akipendekeza seva ikae ndani ya biro yako, na jenereta pembeni, kataa. Mafuta peke yake yatazidi bei ya seva.

## Hatua ya 6: Domeini iwe yako, hata ukichagua njia gani

Ukikosea hatua nyingine utapoteza pesa. Hapa utapoteza jina.

Nunua domeini mwenyewe, kwa imeili yako na kadi yako, na sehemu ya "mwenye jina" iandikwe jina lako au la kampuni. Chagua .com au .cd, zote mbili ni sawa kwa biashara ya hapa, na .cd inamwambia mteja mara moja kwamba uko Kongo. Usibaki na anwani ya bure yenye jina la huduma ndani yake. Siku ukihama, anwani ile inabaki kwao pamoja na kila kiungo kilichokuwa kinakuelekea.

Inunue kwa msajili (kampuni inayouza domeini) tofauti na mahali saiti inapokaa. Hivyo ukigombana na huduma au fundi, unabadilisha rekodi za DNS tu (zile zinazoelekeza jina kwenye seva) na jina linaelekea nyumba mpya. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuonekana kila mahali, kwa hiyo hama Ijumaa jioni.

Onyo moja ambalo mafundi wenyewe wanalisahau: ukibadilisha DNS, badilisha rekodi za saiti (A na CNAME) peke yake. Rekodi za MX ni za imeili. Ukizifuta, saiti itafunguka vizuri huku barua za wateja zikipotea, na utagundua baada ya wiki.

Washa uthibitisho wa hatua mbili na kuhuisha kwa kujiendesha. Domeini ya .com ikiisha muda, msajili anaweza kukupa siku kadhaa za kuihuisha kwa bei ya kawaida. Baadaye kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada kubwa. Zikipita, mtu yeyote anaweza kuinunua.

Kama domeini tayari iko kwa jina la fundi, iombe sasa mkiwa bado mnaelewana. Akupe msimbo wa kuhamisha na afungue kufuli. Domeini mpya ya .com kwa kawaida haihamishiki siku 60 za kwanza, kwa hiyo usimshtumu kama ameinunua mwezi uliopita.

Umefaulu ukitafuta domeini yako kwenye WHOIS (daftari la wazi la domeini) na kuona msajili ni yule uliyemlipa, na ukaweza kuingia kwenye akaunti bila kumwomba mtu nenosiri.

## Hatua ya 7: Amua

Sasa una majibu. Maoni yetu ni haya:

Chukua huduma ya tayari kama vitenzi vyako ni vya kusoma, kuwasiliana na kuuza kwa oda chache, na huna mtu wa kulipwa kila mwezi kutunza saiti. Biashara nyingi za mjini ziko hapa, zikubali zisikubali. Lipa kwa mwezi miezi mitatu ya kwanza, ndipo uhamie ada ya mwaka.

Chukua saiti ya kuundiwa kama kitenzi kimoja cha lazima hakipo kwenye huduma yoyote, na hesabu ya miaka mitatu umeikubali pamoja na matunzo. Lipa kwa vipande: asilimia 30 mwanzo, 40 baada ya kuona vitenzi vyote vikifanya kazi kwenye anwani ya majaribio, 30 baada ya makabidhiano ya hatua ya 4. Saiti ikikusanya majina na namba za watu, mwambie fundi aonyeshe zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Sheria ya dijitali ya Kongo (Code du numérique), Ordonnance-loi numero 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za watu na inakuhusu hata ukiwa na wateja hamsini.

Njia ya katikati ni programu ya WordPress, ile ya bure unayoisimamisha kwenye seva yako, tofauti na huduma ya WordPress.com. Unahama nayo popote, mafundi wanaoijua ni wengi mjini, na plagini ya malipo inaweza kupatikana. Gharama yake ni nidhamu: sasisha programu na plagini kila wiki, futa plagini usizotumia, na usipokee plagini ya kulipia ambayo "rafiki amekupa bure". Mara nyingi huja na mlango wa mwizi ndani.

Kwa njia zote isipokuwa huduma ya tayari, weka bekapu (nakala ya akiba) ya kila siku nje ya seva ile ile, na mara moja kila miezi mitatu irudishe kwenye anwani ya majaribio uone kama inafunguka. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa usiitegemee.

## Hatua ya 8: Kalenda ya ukutani

Andika tarehe tatu kwenye kalenda ya biro: domeini inaisha lini, huduma au seva inaisha lini, na kadi ya benki inaisha lini. Weka alama siku 30 kabla ya kila moja. Ya tatu ndiyo inayosahaulika: kadi iliyokwisha mwezi wa 8 itakataa malipo ya mwezi wa 9, na saiti itafungwa hata kama benki pesa zimejaa.